Jiwe la Buluu

Radojka Vukašević, mwalimu wa kemia, alihitaji gramu mia tano za mrututu, yaani salfeti ya shaba, ulio safi wa maabara. Zilibaki siku tisa kabla ya mashindano ya wilaya, ambako wanafunzi wake watatu wangepima kiasi cha maji kilichomo ndani ya fuwele zake. Jaribio hilo hawakuwa wamelifanya hata mara moja.

Kwenye fomu ya manunuzi hakuandika jina la kitaalamu. Aliandika "jiwe la buluu", kama linavyoitwa na kila mtu katika eneo lao la Župa, ambako mizabibu hunyunyiziwa maji yake kila masika kuzuia ukungu. Tihomir, katibu wa shule na mwenye shamba la mizabibu, hakuona la kuuliza. Alikwenda duka la pembejeo, akarudi na gunia la kilo kumi, akaeleza kwamba limepatikana kwa bei ya chini kuliko kichupa kimoja kutoka Belgrade.

Radojka alimwambia kuwa hilo ni la shambani, lina uchafu.

"Mwalimu, jiwe ni jiwe. Mbona zabibu zangu hazilalamiki?"

"Zabibu zako hazifanyi mtihani, Bwana Tihomir."

Alimtaka alirudishe. Tihomir akaitoa fomu, akaweka kidole juu ya mwandiko.

"Haya, soma. Nani kaandika?"

Alisoma. Agizo jipya lingechukua wiki tatu.

Mchana huo alipima. Mrututu safi ukipashwa moto hadi maji yake yatoke hupoteza asilimia thelathini na sita ya uzito wake. Huu ulipoteza thelathini na tatu. Kesho yake aliwaita wanafunzi. Waliuyeyusha katika maji ya moto, wakauchuja, wakauacha upoe taratibu hadi fuwele zikajitenga. Zilikaushwa usiku mmoja tu, na zilipopashwa moto zikapoteza thelathini na tisa: bado zilikuwa na unyevu. Walirudia, wakazikausha siku mbili. Thelathini na sita nukta moja.

Siku ya sita Radojka alisaini hati ya mapokezi. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kuwa bidhaa ni ile iliyoagizwa, na kosa la jina ni la mwagizaji. Tihomir aliisoma mara mbili, akagonga mhuri.

Mashindanoni wawili walipata thelathini na sita. Wa tatu alipata thelathini na saba. Alikipima kibakuli kabla hakijapoa, na hewa ya moto iliyopanda ikakifanya kionekane chepesi kuliko kilivyo.