Chachu ya Sjur

Siku tatu kabla ya Krismasi, saa kumi alasiri na giza la kaskazini limeshaingia, majirani tulifika kwa Oddmund kuonja pombe. Kijijini kwetu Voss kila nyumba hupika pombe yake nyeusi ya majira ya baridi, na mwenyewe haruhusiwi kuisifu mpaka jirani aionje. Tuliketi jikoni, theluji ikiyeyuka viatuni, tukipokezana bakuli la mti.

Oddmund hakuwa na raha. Siku ya kutia chachu mtu hupiga ukelele juu ya pipa ili pombe ipate nguvu, lakini yeye alinong'ona. Mkewe Gunnvor alipomuuliza, akasingizia koo. Ukweli ni kwamba chachu haikuwa yake. Yake iliharibika mwezi wa kumi, akaazima kwa jirani yake Sjur ile bangili ya mti inayotumbukizwa pipani kila wanapopika, iliyogandiwa na chachu ya babu na babu. Wiki iliyofuata Sjur akafa. Mjane wake, Brita, akaja kuomba arudishiwe, maana hakuwa na nyingine.

"Imeoza yote, shemeji," Oddmund alisema, huku bangili iko ndani ya shati lake. Alitaka pombe ile iwe yake peke yake.

Aliyetangulia kuonja alifumba macho. "Loo! Kali hii! Imenifika magotini. Mbona kama ya marehemu?"

Hapo mlango ukafunguka, Sjur akaingia. Akakung'uta theluji, akatundika kofia. Wafu wetu huja msimu wa Krismasi, nao hukaa palipo na pombe ya chachu yao, kwa hiyo Gunnvor alimsogezea kiti tu.

"Umezidisha majani ya mreteni," Sjur alisema baada ya kuonja. "Lakini si mbaya."

Brita alifika mwisho. Alimkuta mumewe amekunja miguu karibu na jiko la watu.

"Kumbe uko huku? Mwenzio nimekutandikia kitanda."

"Nyumbani hakuna pombe, mke wangu. Nitakaaje?"

Brita akapokea bakuli, akanywa funda moja, akalishika mdomoni muda mrefu. Kisha akamtazama Oddmund.

"Imeoza, eh?"

Aibu ilimpanda Oddmund mpaka masikioni. Mkono wake uliingia shatini, ukaigusa bangili. Kuitoa tu, Brita apike, na Sjur angerudi nyumbani kwake. Lakini kuitoa mbele yetu ni kujiita mwizi.

"Imeoza, shemeji," alirudia, akijikuna kifua.

Sote tuliuona ule mkono. Tulitazama sakafu, maana pombe ilikuwa tamu na bakuli lilikuwa halijamaliza mzunguko. Hata mimi nilikuwa bado sijapata zamu ya pili.

Brita alimfunga mumewe skafu vizuri shingoni, akaenda zake peke yake.

Sjur huja kila mwaka. Hunyoosha bakuli, na Oddmund humjazia bila kumtazama usoni. Nasi twaenda kuonja.