Ulimi wa Tarumi Yasuzo

Tangu baridi ya mwaka juzi, Tarumi Yasuzo alikuwa na ugomvi na chupa. Chupa yenyewe ilikuwa ile ile ya kijani, na karatasi yake ile ile yenye jina Iwanemuri kwa wino mweusi, na mara ya kwanza alinyamaza akidhani ni hiyo moja tu iliyoharibika. Akanunua ya pili. Akanunua ya tatu. Kwa miaka arobaini alikuwa akinywa sake hiyo, pombe ya mchele, kila jioni, vikombe viwili vya moto baada ya kuoga, na sasa aliipasha, akainusa, akaimeza, akabaki ameshika kikombe, uso umemjaa makunyanzi. Imebadilika. Nani ameigusa?

Alipolisema hilo dukani kwa Sumako, walimcheka. Sumako alikuwa na duka la pombe lenye kaunta ndefu, ambapo watu wa Haneyama husimama na kunywa kidogo kwa figili za kuchachuliwa kabla ya kwenda kwao kula. Hapo hapana siri, na hapana huruma.

"Sake haijabadilika," alisema Nezu Hikoichi, tarishi wa posta aliyestaafu lakini mdomo wake haujastaafu hadi leo. "Kilichobadilika kimo humo kinywani mwako. Una miaka mingapi wewe, sabini na sita? Ulimi nao unachakaa, bwana. Upumzishe."

"Ulimi wangu una nguvu kuliko magoti yako."

"Magoti yangu hayajawahi kuitukana sake anayoipika Fundi Magoshi!"

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Yasuzo hakucheka, na kwa nini acheke? Kijana akisema viatu vinambana, watu hutazama viatu. Mzee akisema neno, watu humtazama mzee. Alilipa, akatoka bila kumuaga mtu, na hasira ikamfikisha nyumbani kabla ya miguu.

Lakini hakuwa mtu wa kuridhika na hasira peke yake. Kesho yake alinunua sake nyingine nne, akazipanga juu ya meza ya jikoni. Hakuwa mjuzi. Yale maneno ya wajuzi, kwamba hii ina tikiti na ile ina maua meupe, yalikuwa yakimchefua. Yeye alijua inayonyweka na isiyonyweka. Akaanza na ile kavu ya pwani: ikamkwaruza koo vile vile inavyomkwaruza siku zote. Ile tamu ya bonde la hekalu bado ilidai samaki wa chumvi, na bila samaki ilikinaisha. Ile ya boksi, ambayo aliiweka kwa kupikia, ilikuwa na ladha ya boksi. Ile ya bei mbaya, aliyoletewa na binti yake mwaka mpya, ilinukia matunda mpaka mtu akasahau kwamba anakunywa pombe, na kama kawaida hakuweza kumaliza hata nusu kikombe. Zote nne zilikuwa pale pale alipoziacha. Iliyohama ni Iwanemuri peke yake.

Sasa mtu mwenye ulimi mbovu angezijua vipi hizo nne? Alimwuliza binti yake, Chigusa, ambaye alifanya kazi katika ofisi ya mji, idara ya wazee. Chigusa alikuwa amekuja na karatasi.

"Baba, hapa wameandika. Kupoteza ladha kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya akili kuchoka."

"Sijapoteza ladha. Wao ndio walioipoteza!"

"Ndivyo wanavyosema wote, Baba."

Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko cha Hikoichi. Wote! Alikuwa amemlea mtoto huyu, amempeleka shule mvua na jua, na leo amekuwa mmoja wa wote. Na karatasi ilikuwa mlango tu wa kuingilia. Alichokitaka Chigusa ni funguo za pikapu. Ilikuwa pikapu ndogo nyeupe, iliyobonyea mlango mmoja, na hiyo ndiyo iliyompandisha Yasuzo kwenye shamba lake la michenza, kilomita saba za kona mlimani ambako basi halijawahi kufika. Bila pikapu hakuna shamba. Wote wawili walilijua hilo.

Aliyepata njia ni Sumako. "Nimechoka na kelele zenu," alisema. "Kwenye friji ya chini ya ngazi nina Iwanemuri moja ya miaka mitatu iliyopita, haijafunguliwa, nimeifunga magazeti. Jumapili asubuhi tutaiweka na ya mwaka huu, tuone. Msimu wa kupika umekwisha, nitamwita Fundi Magoshi naye aonje, asiseme tumemsengenya."

Chigusa alilidaka hapo hapo. "Ukizitambua, Baba, sitafungua tena mdomo juu ya daktari wala gari. Usipozitambua, funguo."

"Sawa."

"Funguo, Baba. Siyo 'nitafikiria'."

"Nimesema sawa! Unataka niape?"

Jumapili alikwenda kwa miguu, kama alivyofanya siku zote za kunywa, amenyoa na amevaa shati safi, funguo mfukoni. Watu walikuwa wamejaa kwa Sumako kabla ya saa nne. Kwenye kaunta palikuwa na vikombe vitatu vya udongo mweusi, vyeusi makusudi ili jicho lisisaidie, na kando yake chungu cha kutemea.

"Vitatu?" Yasuzo aliuliza. "Si tulisema sake mbili?"

"Cha tatu ni changu," alisema Sumako, na Hikoichi akageuka upande kuficha meno. Yasuzo akajua ametegewa. Hakujali. Wamtegee watakavyo.

Fundi Magoshi Eisaku alisimama bega kwa bega naye. Ndiye mpishi mkuu wa Iwanemuri tangu nywele zake zikiwa nyeusi, mtu mwembamba, mwenye mikono iliyosuguliwa mpaka imekuwa myeupe, asiyesema mambo mengi. Kwa miaka yote hiyo wawili hao walikuwa wamesalimiana tu njiani. Kwa kuwa alikuwa mgeni wa heshima, alianza yeye. Akaonja cha kwanza, akatema. Cha pili, akatema. Cha tatu alikiinua mpaka puani, akakaa nacho kwa utulivu, akaonja, akatema, kisha akaandika kwenye kipande cha karatasi na kukiacha mbele yake, na kwa vile walivyobanana, Yasuzo alisoma, bila kutaka, mstari wa mwisho: cha tatu, ya baridi hii, iko vizuri.

Zamu yake. Kikombe cha kwanza kiliingia vizuri, kikapita kooni, kikaisha. Ndiyo hiyo, alisema moyoni, ndiyo iliyoniudhi miaka miwili. Akachukua cha pili, na hakuhitaji hata kumeza. Ilikuwa yenyewe. Ilitulia ulimini, ikashuka polepole, ikabakia nyuma ya taya, na Yasuzo akahisi machozi yanamlenga mbele ya watu wote hao wajinga. Hakuwa mwehu! Alitaka kumgeukia Chigusa papo hapo. Lakini kulikuwa na cha tatu, na alipenda kumaliza kazi, kwa hiyo akakiinua.

Harufu ilimpiga usoni. Nywele zilizoungua na kitunguu kilichooza. Akatambua mara moja: ile chupa ya maonyesho iliyosimama dirishani mwa duka mwaka mzima ikipigwa na jua. Mtego wenyewe ndio huu? Yeyote mwenye pua angeukwepa, hata mtoto mchanga angelia. Akakaribia kucheka. Kisha akaikumbuka ile karatasi.

Ya baridi hii, iko vizuri.

Kwanza alidhani Fundi anamdhihaki. Akageuka kwa hasira, akamkuta Magoshi anamtazama. Hakutazama kikombe, alimtazama Yasuzo usoni, kwenye nyusi na kwenye pua, akisoma. Alikuwa anatafuta usoni mwa mwenzake kile ambacho alikuwa amekikosa kwenye kikombe. Akakipata, na rangi ikamtoka.

Kumbe ni wewe, alisema Yasuzo moyoni. Miaka miwili nimeitwa mzee aliyechoka akili, kumbe pua iliyokufa ni yako!

Haki yote ilikuwa upande wake. Alihitaji kusema maneno matatu tu: nuseni kikombe hiki. Kingepita mkono hadi mkono, kila mtu angekunja uso, kisha Sumako angesoma karatasi ya Fundi kwa sauti, na kufikia jioni Haneyama nzima ingejua kwamba mpishi mkuu wa Iwanemuri hanusi. Pikapu ingebaki. Michenza ingebaki. Hikoichi alikuwa tayari amenyoosha mkono kukipokea kikombe, vidole vinamwasha.

Yasuzo akakinywa chote. Alikimeza hadi tone la mwisho, akakipiga kikombe juu ya kaunta kifudifudi.

"Zote ni moja," alisema. "Sioni tofauti."

Duka likalipuka. "Ya dirishani!" Sumako alipiga kelele, mikono kichwani. "Yasuzo, umekunywa ya dirishani! Na umemeza!" Hikoichi alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akaona uso wa Chigusa, akaacha.

"Na Fundi ameandika nini?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. "Tusomee, Sumako!"

Yasuzo akauvuta mkono wake vibaya, chungu cha kutemea kikapinduka. "Samahani, samahani," alinong'ona, na akakichukua kile kipande cha karatasi kufutia kaunta, akafuta, akafuta tena, mpaka kikawa bonge la uji. "Si mnaona? Hata mikono yangu haifai."

Chigusa alinyoosha kiganja. Hakuwa na furaha ya mshindi, na hilo lilimuudhi Yasuzo zaidi, maana angalau angefurahi mmoja. Akampa funguo, akatoka.

Magoshi alimfikia kwenye daraja dogo la mfereji, anahema.

"Bwana Tarumi. Uliona."

"Niliona! Nina macho, nina pua, nina ulimi, na sasa sina gari!"

Fundi akainama mpaka kiunoni, akakaa hivyo. "Ni ile homa ya mwaka juzi," alisema akiitazama ardhi. "Nilipopona, pua haikurudi. Nikasema itarudi. Napika kwa vipimo na kwa mikono. Nikiwauliza vijana wangu, wanasema nzuri, Fundi."

"Watasema nini kingine? Umewafokea miaka yote hii, leo wakuambie mbaya?"

"Kesho nitaacha kazi. Nitakwenda kwa binti yako pia, nimweleze ukweli."

"Nani amekuambia uache kazi?" Yasuzo alipaza sauti mpaka mwanamke aliyekuwa akianika godoro ng'ambo ya mfereji akageuka. "Nimekunywa uozo ule wote, nimejifanya mwehu mbele ya mji mzima, halafu wewe uende ukapumzike? Huna adabu! Na binti yangu ukimwambia, atamwambia nani na nani? Ofisi nzima!"

"Sasa nifanye nini?"

"Uniulize! Miaka arobaini nakunywa sake yako kila siku iendayo kwa Mungu. Hata mvua, hata msiba. Nyumba yangu unaijua. Ungegonga mlango tu: Tarumi, hebu onja, inakosa nini? Ningekuambia! Badala yake umeniacha niambiwe na mwanangu mwenyewe kwamba akili imechoka. Miaka miwili, Magoshi! Hukuona mtu wa kumwuliza?"

Fundi alikuwa bado ameinama. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Inakosa nini?" aliuliza.

Yasuzo alifungua mdomo apige kelele nyingine, akakuta kwamba sasa lazima ajibu. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mwanzo hauna neno," alisema. "Ni mwisho. Zamani ukishameza ilibaki kitu hapa." Akajigusa nyuma ya taya. "Ukoko. Ule wali wa chini ya sufuria, ulioshika moto kidogo. Sasa haupo. Inaondoka yote mara moja."

"Ukoko," Magoshi alirudia. Alifumba macho. "Ule mchele ninaouotesha ukungu, nilikuwa nautoa chumbani kwa pua. Ukianza kunukia vile, natoa. Sasa natoa kwa kutazama saa."

"Basi unatoa mapema."

"Kwa muda gani?"

"Mimi nitajuaje muda? Mimi ni mkulima wa machenza!" Akajisikia alivyosema, akameza mate yenye ladha ya dirisha la Sumako. "Nilikuwa. Novemba ukianza kuotesha, njoo unichukue, nitanusa. Uje mwenyewe na gari. Na usimtume kijana wa kuniambia nzuri, Fundi."

Magoshi akainama tena, chini zaidi, na Yasuzo akamwacha pale darajani.

Njiani alianza kuhesabu ni nani angeweza kumweleza. Hikoichi, hapana. Sumako, hapana kabisa. Chigusa ndiye angetaka kumwambia kuliko watu wote, nitazame, sijachoka, ulimi wa baba yako ulizijua zote tatu, na Chigusa ndiye ambaye hakuweza kumwambia. Hasira ikampanda upya. Alikuwa sahihi! Tangu siku ya kwanza alikuwa sahihi! Akajikuta analisema kwa sauti, mikono inaenda huku na huku, akigombana na njia tupu. Mke na mume waliokuwa wakipalilia vitunguu kando ya barabara wakainua vichwa, wakamtazama akipita, wakatazamana.

"Maskini," alisema yule mke. "Kumbe ni kweli."