Sufu ya Mbuzi, Sufu ya Kondoo

Vidole vya miguu. Ndivyo Nyota alivyoviona kwanza. Tumbo la mtoto lilikuwa na joto, kichwa nacho kina joto, lakini alipoviweka vile vidole kwenye midomo yake vilikuwa baridi kama vijiwe vilivyookotwa mtoni.

Mtoto alikuwa wa dada yake Safiya, kazaliwa kabla ya wakati wake, mwepesi kama kifaranga. Safiya alikuwa amepasuliwa na homa haikutaka kumwachia. Alilala ameuelekea ukuta, akiuliza habari za mtoto bila kufumbua macho, na Nyota alimjibu kwa kuitikia kwa kichwa, kana kwamba dada yake anamwona. Basi Nyota ndiye aliyembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya vitenge viwili. Sanduku la kupashia watoto joto lilikuwepo wodini, lakini umeme wa bwawa la mto Tshopo ulikatika tangu juzi, na sasa lilikuwa meza ya kuwekea ndoo. Nje mvua haikatiki. Vitenge vililowa jasho la Nyota, na kitenge kikishalowa ni mwizi, hunyonya joto la mwili kimya kimya.

Jina mtoto hakuwa nalo. Kwao jina hutolewa siku ya saba, nywele zikinyolewa na mbuzi akichinjwa. Shangazi zao walikuja, wakamtazama, wakasema afadhali iwe hivyo, maana asiye na jina huondoka bila kishindo. Nyota aliwasikia akanyamaza. Hata shuleni, kabla ya kuachishwa, alikuwa anajua majibu na kuyameza.

Mama Clothilde, muuguzi, alivishika vile vidole muda mrefu. Kisha akasema itafutwe sufu ya kweli, si nailoni, ya kumfunika mtoto kichwa hadi miguu, na isingoje kesho.

Nyota akamwachia mtoto Pélagie, mke wa mvuvi wa maporomokoni, aliyelala kitanda cha pili, mwenye kifua kipana chenye nafasi ya watoto wawili. Akakimbia sokoni kwa papa Feruzi, muuza mitumba. Sufu zinazotoka kwenye marobota hakuna wa kuzivaa Kisangani kwa joto lile. Papa Feruzi huziweka kando, madereva wakazichukua kwenda nazo Butembo, kwenye baridi ya milimani. Siku hiyo sweta za sufu zilibaki mbili.

Nyota alinong'ona shida yake, akaombwa arudie.

"Mutoto wa Kisangani na sufu?" papa Feruzi akasema. "Utamufunga kama samaki wa liboke ndani ya majani, mwanangu. Bado tu moto wa makala."

Wauzaji wa jirani wakacheka. Lakini alipoyaona macho ya Nyota aliacha utani, akazitandaza sweta mbili juu ya meza na kumweleza kama anavyowaeleza wateja wake wa milimani. Ile ya kijivu ni kashmiri, sufu ya mbuzi. Ni nyepesi, ina joto kupita zote, lakini ni dhaifu kama mgonjwa. Ile ya kahawia ni merino, sufu ya kondoo. Haina ulaini kama wa mwenzake, lakini hata ikilowa inatunza joto.

Alichokuwa nacho Nyota kilitosha moja tu. Akaipitisha ya kondoo shavuni, kisha ya mbuzi. Ya mbuzi ilimgusa kama pumzi. Akaifikiria ile ngozi ya mtoto, nyembamba hata mishipa inaonekana, akaichukua ya mbuzi.

Kwao nguo haigusi mwili wa mtoto mchanga kabla ya kuchemshwa na kupigwa pasi. Inzi hutaga kwenye nguo zilizoanikwa, na mayai yale hutoa funza chini ya ngozi. Mama yao alifanya hivyo, na bibi yao kabla yake. Nyota hakuwaza mara mbili. Uani mwa hospitali, kwenye kibanda cha kupikia cha wauguzaji, aliomba sufuria, akaitia sweta kwenye maji yanayotokota, akakoroga kwa kijiti.

Alipoitoa hakuitambua. Ilikuwa imejikunja na kushikamana, ndogo kama ya mwanasesere, nzito, ngumu kama kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Aliivuta. Akaivuta kwa meno. Haikurudi. Akachuchumaa pale penye moshi na kile kitu mkononi, kisha akainuka, akarudi nacho sokoni.

Papa Feruzi alipoiona hakucheka. Alimwambia sufu ni nywele za mnyama, haichemshwi, na kwamba kosa ni lake yeye muuzaji kutosema. Ya kahawia je? Ilikwisha chukuliwa. Sadrack, dereva, ameivaa mwenyewe kwa ajili ya mvua, na gari lake linapakia pale ng'ambo ya barabara.

Sadrack alikuwa juu ya magunia, akifunga turubai, vijana wamemzunguka. Nyota alisimama chini mvua ikimpiga. Sadrack akamwona, akainama.

"Leki, mudogo wangu, unatafuta mutu?"

"Ile sweta," Nyota akasema. "Vua."

Vijana wakapiga makofi. Mmoja akasema wasichana wa siku hizi hawangoji hata posa. Sadrack akacheka pia, akauliza kama avue hapa hapa mbele za watu ama wasogee.

Uso wa Nyota uliwaka. Siku nyingine angekimbia. Aliinua ile kashmiri iliyokufa ili waione wote.

"Mutoto anapoa," akasema. "Nilichemsha yake. Mutoto anapoa, yaya, kaka yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Sadrack akaivua sweta kichwani, akaitupa chini mikononi mwake, akabaki na fulana kwenye mvua, na malipo hakuyataja.

Sweta ililowa njiani, ijapokuwa Nyota aliikumbatia. Wodini aliikamua, akamrudisha mtoto kifuani, akaizungusha juu yao wote wawili, mikono ya sweta imefunika ile miguu. Ilinuka dizeli na jasho la mwanamume. Mama Clothilde akasema iachwe hivyo hivyo, na asithubutu kuisogelea na maji ya moto.

Nyota akangoja. Sufu ilikuwa mbichi, lakini chini yake hapakuwa na ule ubaridi wa kitenge. Akavigusa vidole. Bado baridi. Pengine si kama asubuhi; hakutaka kujidanganya. Pumzi ya mtoto ilikuja, ikakawia, ikaja.

Safiya, bado ameuelekea ukuta, akauliza, macho kayafumba: "Yuko?"

Nyota akaitikia kwa kichwa. Kisha akaona kwamba haitoshi. Jina alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, alilitamka moyoni kila alipomgeuza mtoto, na siku ya saba ilikuwa mbali.

"Nadia yuko," akasema, na Pélagie akageuka kumtazama. "Nadia, usiende."