Karpu wa Bwawa la Clete

Karpu wa kwanza alikufa kwa pigo moja. Wa pili alihitaji mapigo kadhaa, kwa sababu Clete Sedlacek alipiga kwa hasira bila kulenga.

Clete alikuwa amesimama juu ya gari lake la mizigo, nyuma ya ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Prokopi, kando ya tangi la samaki hai. Alizamisha mkono, akachomoa karpu mnene kama paja la mtu, akamlaza juu ya ubao na kumshushia rungu katikati ya macho. Damu ilirukia theluji chafu iliyosalia kando ya ukuta. Watu waliopanga foleni kusubiri chakula cha Ijumaa ya Kwaresima walirudi nyuma kidogo. Hakuna aliyeondoka.

"Tazameni!" alipaza sauti. "Huyu asubuhi alikuwa anaogelea. Wale wa kwenye maboksi walikufa lini? Mwulizeni Verlyn, labda alihudhuria mazishi."

Wengine walicheka. Verlyn Pospisil hakucheka. Alikuwa akishusha maboksi ya chewa wa bahari kutoka kwenye gari lake la barafu, na kila boksi alilitua chini kwa kishindo.

Rosalie, dada yake Clete, alisimama mlangoni mwa banda la kukaangia, kisu mkononi. Nyuma yake sufuria mbili kubwa za mafuta ya nguruwe, ambayo Kanisa halihesabu kuwa nyama iliyokatazwa Ijumaa hizi, zilikuwa zikichemka juu ya gesi. Aliomba jambo moja tu: Clete asijue ni nani aliyewaondoa karpu wake mezani.

Tangu babu zao walipotoka Bohemia, ng'ambo ya bahari, na kulima nyanda hizi za Nebraska, mahali ambapo mtu huweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa bila kuiona bahari, Ijumaa ya Kwaresima ilikuwa siku ya karpu. Ni samaki wa matope, mwenye miiba kama sindano za cherehani. Asiyemjua humtupa. Anayemjua humchanja: hupitisha kisu katika mnofu, mikato myembamba iliyokaribiana, mpaka asikie miiba ikilia chini ya makali, lakini ngozi asiikate. Mafuta ya moto huingia katika mikato hiyo na kuiyeyusha miiba. Baba yao aliwafundisha wote wawili. Clete alirithi bwawa na Rosalie akarithi kisu. Ijumaa hizi ndizo zilizomlisha Clete mwaka mzima.

Lakini vuli iliyopita Rosalie alikaanga karpu wa bwawa lile nyumbani kwake, na jiko zima likanuka nguruwe. Hakuhitaji kuuliza ni nguruwe gani. Mabanda ya nguruwe yaliyokuwa kilimani, juu ya bwawa, yalikuwa ya mumewe, Gaylen. Dimbwi la kinyesi lilikuwa limefurika katika mvua za Septemba na kuteremka na kijito mpaka bwawani. Rosalie alisugua kikaango, akafungua madirisha, akanyamaza. Kamati ya parokia ilipokutana, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwaka huu tujaribu samaki wa bahari. Watoto wanaogopa miiba." Wote waliafiki. Padri Stanek aliahidi kumwarifu Clete. Padri alikuwa mtu mpole, tena mpole kupita kiasi. Hakumwarifu, na Clete akaja na tangi lake kama kila mwaka.

Sasa Gaylen mwenyewe alikuwa katika foleni, kofia imemfunika macho, akisoma tangazo la mchezo wa bingo ukutani kana kwamba ni Injili.

Rosalie aliinama akagusa chewa katika boksi lililofunguliwa. Alikuwa mgumu kama tofali.

"Verlyn, hawa bado ni mawe."

"Tia tu kwenye mafuta, mama. Barafu itayeyuka yenyewe."

Hakuna mtu katika parokia ile aliyewahi kukaanga samaki wa barafu. Samaki wao walikuja wakipiga mikia. Rosalie alihisi kwamba jambo hili si sawa, lakini hakujua kwa nini.

"Clete, ndugu yangu," Verlyn aliita, "shuka hapo. Unawatisha watoto."

"Ndugu yako yuko humo kwenye boksi. Mpe blanketi, anasikia baridi."

"Angalau wangu hawajanywa choo."

Kicheko kilikatika. Clete alishuka garini, rungu mkono mmoja, mwingine ukimshika karpu mkiani, akamchapa naye Verlyn usoni. Mlio wake ulisikika mpaka ndani ya ukumbi. Verlyn alianguka juu ya maboksi yake, akainuka na damu puani, akamrukia Clete kiunoni. Waliviringika katika matope na magamba. Clete alipiga rungu mara moja, likavunja kitu ubavuni mwa Verlyn. Verlyn alimkamata masikio, akakigonga kichwa chake kwenye bamba la nyuma la gari, akagonga tena, mpaka bamba likapinda.

"Watenganisheni!" Rosalie alipiga kelele. "Gaylen! Mbona umesimama?"

Gaylen alipiga hatua moja, akasita.

"Unanipiga mimi kwa nini?" Verlyn alifoka, akitema jino. "Mimi nilileta nilichoagizwa! Mwulize dada yako! Yeye ndiye aliyewakataa samaki wako!"

Clete alimwachia. Alisimama polepole, damu ikimtiririka nyuma ya shingo, akamtazama Rosalie.

"Anasema uongo, sivyo, dada?"

Rosalie angeweza kusema ndiyo. Watu wote wale wangeliamini.

"Wananuka, Clete."

"Wananuka nini?"

Rosalie alimtupia jicho Gaylen.

"Nimekuuliza. Baba alikula samaki wa bwawa lile mpaka akafa akiwa na meno yake yote. Sasa wananuka nini?"

"Nguruwe."

"Nguruwe wa nani?"

Foleni nzima ilisikia. Gaylen alivua kofia, akaitazama ndani.

"Ungeniambia," Clete alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo ndilo lililomtisha Rosalie. "Ungekuja nyumbani ukaniambia, tungekwenda wote wawili tukalifukia dimbwi lile. Badala yake umenifukia mimi."

Aliliokota boksi zima la chewa, akalibeba begani, akampita dada yake na kuingia bandani.

"Mnataka bahari? Basi kuleni bahari!"

"Clete, usi—"

Alilipindua boksi juu ya sufuria ya karibu. Tofali la samaki na barafu lilizama, na kwa muda wa pumzi moja mafuta yalitulia. Kisha yaliruka. Yalipanda kama mti mweupe mpaka darini, yakamwagika juu ya gesi, na banda likawaka. Verlyn, aliyekuwa amemfuata mlangoni, alipiga yowe na kukimbia akijishika shingo. Clete hakukimbia. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kujikinga, na mafuta yakaivisha glavu za moto.

Rosalie alipita chini ya moshi. Alifunga gesi, akaifunika sufuria kwa mfuniko, akamshika kaka yake ukosi na kumburura nje. Nyuma yake wanaume walirusha theluji kwa makoleo kwenye kuta za banda, mbali na mafuta, mpaka moto ukafa. Alimpandisha Clete garini na kumzamisha mikono katika tangi, katika maji baridi ya bwawa lake mwenyewe. Karpu waliobaki walizunguka humo, wakivigonga vidole vyake kwa midomo yao minene. Ngozi ilikuwa ikielea juu ya maji. Clete aliuma mdomo mpaka ukapasuka.

"Nisamehe," Rosalie alisema.

Clete alitoa mkono mmoja majini akamzaba kofi. Kofi lile lilimwumiza mpigaji kuliko mpigwa. Aliyelia ni Clete. Lilimwachia Rosalie shavuni unyevu na kipande cha ngozi.

Gari la wagonjwa lilipofika liliwachukua wote wawili, Verlyn machela hii, Clete ile. Mhudumu mmoja alimwambia Rosalie kwamba vidole vya mkono wa kulia wa Clete huenda visikunjike tena. Kabla mlango haujafungwa, Clete aliinua kichwa.

"Waliobaki ni wako, dada," alisema. "Wewe ndiye uliyewalisha."

Watu walitawanyika kwenda nyumbani kula mayai. Paka wa parokia waliwararua chewa waliotapakaa katika matope. Padri Stanek alisimama akishika rozari, akataka kusema neno, akaona uso wa Rosalie, akaingia ndani.

Rosalie aliokota rungu. Aliwatoa karpu tangini mmoja baada ya mwingine na kuwaua, kila mmoja kwa pigo moja. Aliwapara magamba, akawapasua, akawachanja. Miiba ililia chini ya kisu, na ngozi haikukatika. Sufuria ya pili ilikuwa nzima. Aliwasha gesi.

Gaylen alikuja akasimama kando yake.

"Rosie, twende nyumbani. Basi, imetosha."

Rosalie aliweka sahani mbili juu ya meza ya nje, karpu mzima kila sahani, mkate na kachumbari ya matango.

"Kaa."

"Rosie..."

"Kaa, Gaylen."

Alikaa. Rosalie alikaa mbele yake, kisu cha kuchanjia kikiwa bado mkononi, akamega kipande akakitia mdomoni. Miiba ilikuwa imeyeyuka yote. Mnofu ulinuka tope, na chini ya tope ulinuka mabanda yao. Alitafuna, akameza, akamega tena.

Gaylen alikitazama kile kisu. Kisha aliiweka kofia yake mezani, akaanza kula. Alipofika katikati machozi yalimtoka, akasukuma sahani.

Rosalie aliirudisha mbele yake kwa ncha ya kisu.

"Mpaka mkia," alisema.