Miche ya Dallas

Katika kambi ya wapanda miti kaskazini mwa British Columbia, mtu hulipwa kwa kila mche alioupanda, kwa hesabu anayoitoa mwenyewe, na kiongozi wa kikosi hupata fungu lake katika jumla ya miche ya wote. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na Corinne, kiongozi, alivuta hasa. Ardhi laini alimpa Dallas, kijana mwenye kasi, na kwenye mawe akampeleka Joelle.

Joelle alipolalamika, Corinne alimtania mbele ya wenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamwambia, amtazame Dallas anavyoinama. Wakacheka wote. Binti wa watu akameza uchungu wake.

Kisha Dallas akashikwa na homa, na Joelle akatumwa kumalizia kipande chake. Mchana alirudi hadi kwenye gari la Corinne na mfuko wa matope, akaumwaga miguuni pake. Ilikuwa miche, vifurushi kwa vifurushi, bado imefungwa, mizizi imeoza.

"Ilifukiwa chini ya gogo," Joelle alisema. "Na magogo ni mengi kule, bosi. Hayo mengine sijayagusa."

Corinne aliona aibu, kisha akaona hasara. Kampuni ikijua, fungu lake ndilo litakalokatwa kwanza, na alikwisha kulitumia. Akamsihi Joelle amwachie jambo hilo alimalize kimyakimya. Kuanzia kesho, akasema, ardhi laini ni yako.

Joelle hakuishukuru ahadi hiyo.

"Msimu mzima nalia hemani, najiona mzembe," alisema. "Kumbe ulikuwa unanipima na mwizi."

Corinne aliirudisha miche mfukoni, akaisukuma nyuma ya kiti, akawasha gari.

Jioni wapandaji walikusanyika kwenye hema la chakula kusomewa hesabu ya wiki, kama ilivyo desturi yao. Corinne akasoma majina kuanzia chini. Alipofika juu alisoma: wa kwanza, Dallas. Makofi yakalipuka. Dallas, kajifunika blanketi, akainua kikombe chake cha chai.

Corinne alijikaza akamtazama Joelle. Naye alikuwa akipiga makofi, polepole, macho kayakaza kwake. Wenzake walipoacha, yeye hakuacha.