Mshika Kamba

Kamba ilikuwa imelegea mikononi mwa Fuko, na kule chini kisimani mkewe hakuwa ametoa ishara kwa muda mrefu.

"Si umwite?" mwenye nyumba, waliyekuwa wakimchimbia kisima hicho, alisema kutoka mlangoni, beseni la nguo kiunoni.

"Kisimani mtu haitwi, mama. Sauti inagonga kuta, inafika kelele tupu. Anayesema ni kamba. Akivuta mara moja, nashusha. Mara mbili, napandisha."

"Na asipovuta?"

Fuko alibadilisha mshiko wa kamba. Tangu ujana mtu wa chini alikuwa yeye, ndiyo maana wakamwita Fuko, na mkewe ndiye aliyekaa juu na kamba. Halafu mgongo ukagoma, wakabadilishana. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuishika, na jasho linamtoka kama anayechimba ni yeye.

Asubuhi walitanguliza taa kupima hewa, kama kawaida, ikarudi inawaka. Lakini hewa ya kisima haiaminiki. Akivuta bila ishara, huenda mguu wa mwenzake umenasa, akambamiza ukutani. Asipovuta, je? Aliinama ukingoni, akaona giza tu. Aliogopa vibaya.

Kamba ikavutwa. Mara mbili.

Alipandisha mpaka mgongo ukamlilia. Ikatokea kofia, kisha uso wa mkewe, matope matupu, hauna haraka yoyote.

"Mbona kimya hivyo?" Fuko alimuuliza.

"Nilikuwa napumzika. Chini kuna ubaridi mzuri."

Maneno hayo Fuko aliyajua. Yalikuwa yake. Kila alipochelewa kupanda alimjibu mkewe hivyo hivyo, tena anacheka, na mkewe alikuwa akigeuka kukunja kamba.

"Miaka yote hiyo," mkewe alisema taratibu, "wewe chini unajipumzikia, mimi juu, roho juu."

"Hukuniambia."

"Ungecheka."

Angecheka kweli. "Nisamehe, mama watoto."

Mkewe alikunywa maji, akafuta mdomo kwa kiganja, akatia mguu kwenye kitanzi. "Shusha."

Akashusha polepole hadi kamba ikalegea. Mwenye nyumba aliingia zake ndani. Fuko akabaki ameishika kwa mikono miwili, anasubiri, hata kupumua hapumui vizuri.

Kamba ikatikisika kidogo. Haikuwa ishara ya kushusha, wala ya kupandisha. Ilitikisika tu, ikatulia, ikatikisika tena, kama mtu anayesema: nipo.