Pare-feu ya Mama Élisée

Hasira ya kwanza ya Apolline juma lile ilikuwa halali kabisa, na hakuna mtu pale Murara, mtaa wa Goma, angeweza kumlaumu. Jumatatu asubuhi shirika alilolifanyia kazi lilimtumia kurasa kumi na moja za masharti mapya. Aweke pare-feu kwenye mtandao wa nyumbani kwake, na Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, atume ripoti ya pare-feu hiyo pamoja na kazi ya juma. Asipofanya hivyo, mkataba wake utapewa mtu mwingine. Kurasa kumi na moja, kutoka kwa watu wanaokaa katika mji usiokatika umeme! Yeye mwenyewe, kabla ya kuwasha kompyuta, alikuwa akichungulia kwanza betri ya sola imeamkaje.

Pare-feu ni mlinzi anayewekwa ndani ya kiboksi cha wifi. Anaangalia kila simu na kila kompyuta inayobisha hodi, na anaamua ipi ipite na ipi ibaki nje. Neno lenyewe, kwa Kifaransa ukuta wa kuzuia moto, halikumpendeza. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu volkano ilipuke, na mji mzima ulikuwa na habari za kutosha kuhusu moto na kuta bila kuongezewa na ofisi ya Ulaya.

Lakini mkataba ule ndio uliokuwa unailisha nyumba. Mume wake, Papa Élisée, alikuwa dereva wa kamyo ya mizigo, na tangu waasi walipoikalia barabara ya Rutshuru yeye alikwama Butembo na kamyo yake. Apolline alikuwa akipokea sauti za wanawake waliokimbia vita, zilizorekodiwa kambini, na kuzirudisha kwa maandishi ya Kifaransa. Wengi wao walisema Kinyarwanda. Apolline ni mtu wa Butembo; Kinyarwanda chake kiliishia kwenye salamu na bei ya maharage.

Kwa hiyo kazi ilikuwa na watu wawili. Chumba cha nyuma cha parcelle ileile, kiwanja kimoja na Apolline, alipanga Pascasie, Mama Mahoro, mkimbizi wa Rutshuru wa tangu kabla ya volkano, mwenye sikio ambalo halikupitwa na kitu. Apolline aliweka sauti kwenye kompyuta. Pascasie alizichukua kwa simu kupitia wifi ya nyumba, kwa sababu masharti yalikataza zisitoke nje ya mtandao ule. Alisikiliza, akaandika kwa Kiswahili, akarudisha. Apolline akageuza kwa Kifaransa. Malipo waligawana katikati, na tangu mwezi wa tatu hawakuwahi kugombana hata mara moja.

Jumanne alasiri Wenceslas, mdogo wa Papa Élisée, alitoka Ndosho anakotengeneza simu, akaja kuweka hiyo pare-feu. Alikaa saa nzima mbele ya kompyuta akiguna kama daktari. Alipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa hakuwa ameshika kitu chochote kichafu.

"Mama Élisée, sasa kwako hakuna mutu ataingia ovyo," alisema. "Nimefunga vizuri. Hata jina yako nimeandika pale juu, kwa heshima, juu we njo mwenye nyumba."

Apolline alimpa chai na mkate, akamshukuru. Baadaye alijutia ule mkate.

Jumatano asubuhi ziliingia sauti saba. Apolline aliziweka mahali pake kama kawaida, akangoja. Jioni Pascasie hakuwa amerudisha hata moja. Alhamisi asubuhi, vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira ya pili, na hii haikuwa halali, lakini Apolline aliishika kwa mikono miwili. Alimkuta Pascasie uani akianika nguo.

"Mama Mahoro, kazi iko naenda?"

"Iko naenda vile mulitaka," alijibu Pascasie bila kugeuka. Akabana kibanio cha mwisho, akachukua beseni, akaingia ndani.

Vile mulitaka! Apolline alibaki amesimama katikati ya kamba za nguo. Ndio nini hiyo? Mtu aliyetembea naye mpaka Sake siku ya volkano, wakipokezana kumbeba mtoto wake Élisée mgongoni, leo anamjibu kama anamfukuza muuza karanga. Siku nzima alizunguka nyumbani akigonga masufuria. Akajiambia kwamba watu ukishawazoea wanakuona mjinga. Akajiambia kwamba Ijumaa saa sita ikimkuta mikono mitupu, watoto wa Pascasie nao watajua njaa ni nini. Alijiambia mambo mengi siku ile, na karibu yote yalikuwa ya aibu.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alifungua kompyuta ili ahesabu ni sauti ngapi Pascasie amezichukua na kuzikalia. Hakukuta hata moja iliyoguswa. Mtu mvivu angalau angesikiliza ya kwanza. Hapo ndipo Apolline, mwishoni kabisa, alipoacha kumshuku mtu akaanza kuishuku mashine.

Alianza na mambo madogo. Alizima kiboksi cha wifi, akahesabu mpaka thelathini, akakiwasha. Alichomoa waya na kuuchomeka tena. Alijaribu simu yake mwenyewe: inapita. Ile ya zamani anayochezea Élisée: inapita. Basi mtandao ni mzima, na ugonjwa uko kwa huyo mlinzi mpya. Akaingia kwenye kurasa za pare-feu kwa neno la siri ambalo Wenceslas alimwachia nyuma ya risiti, akatafuta orodha. Zilikuwa mbili: walioruhusiwa na waliokataliwa.

Waliokataliwa walikuwa wawili. Habarurema. Twagirimana.

Twagirimana alikuwa seremala wa pale kwenye geti, aliyeomba wifi ili atume picha za vitanda kwa wateja. Na Habarurema alikuwa mume wa Pascasie, aliyerudi Rutshuru kulinda ng'ombe kabla barabara haijafungwa. Simu anayotumia Pascasie ilikuwa yake. Alimwachia mke wake siku wanaagana, na jina lake lilibaki humo ndani.

Chini ya jina kulikuwa na daftari la pare-feu, linaloandika kila anayebisha hodi. Jumanne jioni Habarurema alibisha mara kumi na nane. Jumatano asubuhi, sauti zilipoingia, mara kumi na mbili. Jumatano jioni mara moja. Halafu hakubisha tena.

Apolline alisoma namba zile mara mbili, masikio yakimwaka moto. Kisha akaangalia waliopewa ruhusa. Kulikuwa na kompyuta yake, simu yake, ya Élisée, ya Wenceslas. Na kimoja zaidi, kisicho na jina, herufi na tarakimu tu, ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekijua. Hicho kilikuwa kinapita bila kuulizwa lolote. Akapiga simu Ndosho.

"Wenceslas, juu ya nini umefunga Habarurema?"

"Aa, Mama Élisée," alijibu Wenceslas kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. "Niliona jina ile ya Kinyarwanda, kama za waasi, nikashituka. Na hii vita yote, mutu wa jina kama ile anafanya nini kwa wifi yako? Nilikuwa nakulinda."

"Uliuliza mutu?"

"Kuuliza nini? Jina si inaonekana."

"Ni telefone ya Mama Mahoro. Bwana yake njo Habarurema. Amekunywa chai na we kwa hii nyumba."

Nyuma ya Wenceslas zilisikika pikipiki za Ndosho na mtu anayebishana bei ya chaja.

"Sikujua ni ya Mama Mahoro," alisema.

"Na kama haingekuwa yake? Twagirimana naye amekufanya nini, amekuibia mbao? Na hii moja haina jina, hatuijue ni ya nani, uliiacha inapita. Ile uliuliza?"

"Ile... niliona haina shida."

"Haina shida juu haina jina. Kumbe kwako mwizi aje tu, bora asiitwe Habarurema. Umesoma masomo gani ya machine, Wenceslas, ya kuchagua watu kwa majina? Hiyo si pare-feu. Hiyo ni barrière ya kusimamisha watu barabarani, na we njo ulisimama pale na kamba."

Akakata kabla hajajibiwa. Alikifungia kile kisicho na jina, akawatoa Habarurema na Twagirimana kwenye kifungo, akavuka uwanja karibu mbio.

Mlango wa Pascasie ulikuwa wazi. Ndani, mifuko miwili ilikuwa imefungwa kamba na mwenyewe alikuwa anakunja blanketi.

"Mama Mahoro, ni kosa," alisema Apolline. "Ni Wenceslas. Alifunga telefone yako, mimi sikujua."

Pascasie alitoa simu mfukoni mwa gauni, akatafuta picha, akamwekea Apolline mbele ya macho. Alikuwa amepiga picha ukurasa uliomtokea kila alipojaribu kuingia. Kulikuwa na duara jekundu na maneno ya Kifaransa: Accès refusé par Apolline. Umekataliwa na Apolline.

"Mimi sikuandika hii," alisema Apolline, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Jina ni ya nani?"

"Ni yangu. Alisema ni heshima."

"Mara makumi tatu na moja heshima yako ilinifukuza," alisema Pascasie. "Nikasema basi, na Mama Élisée pia. Kwa soko wananiangalia vibaya, kwa pikipiki wananiangalia vibaya, sasa na yeye. Nilikuwa nangoja tu uje kunielezea kwa mudomo."

"Na mimi nilikuwa nasema we njo ulikatala kazi."

Hapo Pascasie alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akaweka blanketi chini. Hakusema amesamehe. Aliuliza ni saa ngapi, akaambiwa ni saa tatu, akauliza ni sauti ngapi, akaambiwa saba. "Twende," alisema. "Wale wamama hawana kosa."

Walikaa meza moja, jambo ambalo hawakuwahi kufanya, kwa sababu muda wa kuandika mara mbili haukuwapo. Pascasie alisikiliza kwa visikilizio vya masikioni, akasema kwa Kiswahili papo hapo, Apolline akachapa Kifaransa. Mwanamke mmoja alizungumzia mbuzi wake kwa dakika tisa kabla hajasema walichomfanyia. Pascasie alizitafsiri dakika zote tisa, mbuzi mmoja mmoja, na hakuruka kitu. Saa sita kasoro robo sauti zote saba zilikuwa zimekuwa maandishi.

Ilibaki ripoti ya pare-feu, ambayo mashine huiandika yenyewe. Apolline aliifungua ili aiambatanishe. Majaribio ya kuingia yaliyozuiwa: thelathini na moja. Mvamizi: Habarurema. Kiwango cha hatari: kikubwa.

"Ona hawa washenzi," alisema Apolline. Akajaribu kufuta ule mstari, ripoti haikufutika. "Sawa. Nitawaandikia ni kosa. Nitawaambia hakuna muvamizi hapa."

"Utawaambia ni telefone ya nani?"

Vidole vya Apolline vikabaki juu ya kibodi. Ukurasa wa nne wa masharti ulisema wazi kwamba hakuna mtu mwingine atakayesikia sauti zile ila yule aliyetajwa kwenye mkataba. Aliyetajwa alikuwa mmoja. Kila mwezi Apolline aliweka sahihi yake peke yake chini ya kazi ya watu wawili, na ofisi ilimsifu kwa Kinyarwanda chake kizuri. Mwanzoni alitaka kusema. Halafu akafikiria wakubwa wa ofisi ya hapa Goma wakisoma jina la mwanamke wa Rutshuru, na maswali yatakayofuata, akaona heri anyamaze.

"Sikuweka jina yako juu nilikuwa nakulinda," alisema, na kabla hajamaliza alikuwa amekumbuka nani mwingine aliyeyasema maneno hayo asubuhi ileile.

Pascasie alivua visikilizio vya masikioni, akaviweka mezani taratibu.

"Wenceslas alinifunga siku tatu," alisema. "We ulinifunga tangu mwezi wa tatu."

Hasira yote ya juma zima, ya kurasa kumi na moja, ya masufuria, ya Ndosho, ilimrudia Apolline mwenyewe na kumkalia kifuani. Saa ya kompyuta ilionyesha zimebaki dakika saba. Ukweli ungeweza kuwanyima kazi wote wawili, na ukimya ungeipeleka simu ya Habarurema ofisini ikiwa na jina la mvamizi.

Aliandika haraka, kwa Kifaransa, bila salamu ndefu. Kwamba kifaa kilichozuiwa ni simu ya Bi Pascasie, jirani yake. Kwamba Bi Pascasie anamsaidia kusikiliza sauti zote za Kinyarwanda tangu mwezi wa tatu. Kwamba kosa la kumficha ni la Apolline peke yake. Na kwamba kama ofisi itataka kumwondoa mmoja wao, wanayemhitaji ni Pascasie, si yeye.

Akaigeuza kompyuta. Pascasie alisoma polepole, mdomo ukitikisika, kidole kikifuata mistari. Kikasimama mahali.

"Hapa," alisema. "Umeandika nakusaidia."

Apolline alifuta neno lile. Badala yake aliandika kwamba Bi Pascasie ndiye anayefanya kazi ya Kinyarwanda, yote, na yeye anaichapa. Pascasie akatikisa kichwa kukubali. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, na Apolline akatuma kazi, ripoti na barua pamoja.